Lami Kwenye Gari la Kumbeba Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Ushindi! Miaka minane nimeusubiri. Jana kikao cha familia ya mke wangu kimeamua: Jumamosi, mama mkwe anayestaafu atakapoagwa hospitalini baada ya miaka thelathini na minne ya kazi ya uuguzi, atabebwa na gari letu. Letu! Si la mwanyumba wangu. Huyu mwanyumba, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyembeba mama kwenye harusi zote, misiba yote, hata kwa daktari wa meno. Gari lake linang'aa mpaka unaweza kujitazama ukinyoa ndevu. Soksi zake zinafanana na tai. Simpendi, ila namheshimu, kwa sababu mke wangu ameniambia nimheshimu.

Mke wangu ana furaha hiyo, acha tu. Asubuhi kaniambia mara tatu kwamba safari hii mama atashuka kwenye gari la binti yake mdogo, mbele ya wauguzi wote. Miaka yote sisi tumekuwa wa kufuata nyuma. Gari ni jeupe, alilinunua kwa akiba yake mwenyewe. Mimi nilichangia redio.

Mama alituita madereva wote wawili nyumbani kwake saa kumi na moja jioni, tupange msafara. Nikaapa kufika kabla ya mwanyumba. Nikatoka mapema dukani (nauza miwani, wateja walikuwa wawili tu na mmoja alikuja kuuliza saa), nikakata njia kwa barabara ya nyuma ya shule, ile inayotengenezwa. Wameweka mapipa na kamba. Nikashuka, nikasogeza pipa. Kamba niliifungua kwa adabu, nikapita, nikaifunga tena. Lami nyeusi tii, inameremeta. Mafundi wa barabara wakanipungia makoleo. Nami nikawapungia. Watu wakarimu hawa, nikawaza. Chini ya gari kukawa na mlio, ta-ta-ta-ta, kama bisi zikipasuka kwenye sufuria. Nikaongeza mwendo ili uishe upesi.

Nimefika wa pili! Mwanyumba alikuwa sebuleni zamani, kikombe cha chai mkononi, mguu juu ya mguu.

Balaa nililiona wakati wa kutoka. Lahaula! Madoa ya lami pande zote mbili, kuanzia magurudumu mpaka kwenye vishikio vya milango. Makubwa, madogo, mengine yana mikia. Mama mkwe alikuwa amesimama barazani kutuaga, na gari nililiegesha likimtazama. Nikatoka kinyumenyume mpaka barabarani ili aone taa za mbele tu. Akauliza kwa sauti kwa nini sigeuzi. Nikamjibu kwamba mkwe mwenye adabu hampi mama mkwe mgongo. Amefurahi mno. Mwanyumba yeye aligeuza, akampa mgongo. Pointi moja kwangu.

Jumanne, 10 Juni

Gari nimelificha uani kwa jirani yetu seremala. Mke wangu nimemwambia liko gereji, linafanyiwa huduma kamili kwa ajili ya siku ya mama. Akanitazama kwa macho laini, akasema kumbe naweza. Roho iliniuma kidogo. Kidogo tu, maana nilikuwa na haraka.

Mpango wa leo: petroli. Kila mtu anajua petroli inatoa kila kitu. Nikanunua chupa, nikachukua taulo, nikasugua doa la kwanza kwa nguvu zangu zote. Doa likatoka! Likaenda likakaa pembeni, likiwa refu zaidi. Nikalifuata. Likaendelea na safari. Baada ya nusu saa doa moja lilikuwa limeenea mlango mzima wa kulia, rangi ya chai isiyo na maziwa, na mahali lilipoanzia pamefifia, hapang'ai tena.

Seremala aliacha randa yake akaja kutazama. Akaniuliza kama nimemwuliza mtu anayejua. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akarudi kwenye mbao zake.

Nikaenda jikoni kwetu nikachukua ule waya wa kusugulia masufuria, na sabuni. Huu sasa hauna mchezo. Lami ya hapo iling'oka yote! Nikashangilia peke yangu. Halafu nikafuta povu nikaona rangi nayo imeng'oka, sehemu ya ukubwa wa sahani, mikwaruzo imezunguka vizuri kabisa, mtu angedhani nilikusudia. Nikaacha. Sijakata tamaa. Nimebadilisha mkakati tu.

Dukani baadaye, mama mmoja aliyekuja kujaribu miwani ya kusomea aliniomba nisimame mbali. Alisema macho yanamwasha. Nikamwambia ndiyo dalili ya kwanza kwamba anahitaji miwani. Kumbe ni petroli mikononi mwangu. Bosi ameniweka stoo hadi jioni.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka na akili mpya. Kwa nini nihangaike kusafisha langu? Kama magari yote mawili yana lami, hakuna la kulinganisha!

Nikampigia mwanyumba kwa sauti ya asali. Nikamwambia ile barabara ya nyuma ya shule ni njia ya mkato safi, inaokoa dakika kumi, nayo itatufaa kwa msafara. Akauliza si imefungwa. Nikasema mimi mwenyewe nilipita Jumatatu, na hilo ni kweli tupu. Akashukuru, akasema ataijaribu mchana huu huu. Nilikata simu nikacheza kidogo stoo, katikati ya maboksi ya fremu.

Saa kumi simu ikalia. Mwanyumba! Nikajiandaa kumpa pole. Pole ya nini? Barabara imefunguliwa rasmi asubuhi ya leo! Lami imekauka, imekandamizwa, imepigwa mistari. Kasema gari lilikuwa linateleza lenyewe kama liko juu ya meza. Kapita mara mbili kwa raha zake.

Halafu akauliza, kwa upole wake ule unaochosha, kama gari langu halikupata lami Jumatatu, maana siku hiyo bado ilikuwa mbichi. Kama limepata, alisema, yeye anajua namna ya kuitoa na anaweza kuja leo na vitambaa vyake. Nikamjibu hata tone. Yaani aje na vitambaa vyake, halafu Jumamosi awaambie watu ni yeye aliyelisafisha? Thubutu!

Jioni mama mkwe akapiga. Sote tutapita barabara mpya Jumamosi, akasema. Anamshukuru sana mwanyumba kwa kuigundua.

Kuigundua!

Jumamosi inakuja mbio. Mke wangu ameshaandika kwenye kundi la familia kwamba gari linatoka gereji Ijumaa, na watu wamejibu kwa makofi. Shangazi yake ameweka makofi tisa. Nimeyahesabu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejishusha. Nimekwenda kwa fundi rangi, kule wanakopuliza magari. Sikusema ni gari langu. Nilisema ni la rafiki, mtu mzembe sana, hana akili. Fundi akatikisa kichwa akamsikitikia rafiki yangu.

Akasema ni kazi rahisi, inataka subira tu. Mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa laini, fulana kuukuu inatosha. Unapaka doa, unaliacha dakika kumi, kumi na tano, lilainike. Unafuta taratibu bila kukandamiza. Likibaki, unapaka tena. Kisha unaosha kwa sabuni sehemu ile kabla hujahamia nyingine. Na gari liwe kivulini, mahali pasipo na vumbi. Aliyasema hayo kuhusu vumbi mara mbili, nadhani ana wasiwasi wa maumbile.

Nikapiga hesabu njiani. Doa moja dakika kumi na tano. Madoa yangu ni kama mia mbili. Nitamaliza wajukuu wakiwa chuo kikuu! Fundi huyu anafanya kazi kwa mikono, hana mawazo ya kisasa. Kama mafuta kidogo yanafanya kazi kwa dakika kumi, je, mafuta mengi kwa siku nzima? Lami itadondoka yenyewe huku mimi niko kazini nauza miwani.

Nikachukua dumu letu la mafuta jikoni, lita tatu. Nikamimina juu ya paa, nikaacha yateremke pande zote. Yaliyobaki nikayapaka kwa brashi ya viatu. Gari liling'aa! Tangu linunuliwe halijawahi kung'aa hivyo. Hata la mwanyumba halifui dafu. Nikalibusu kioo cha nyuma nikaenda zangu dukani, nikipiga mluzi.

Usiku mboga zilichemshwa. Mke wangu aliuliza mafuta yameenda wapi. Nikamwambia daktari mmoja mteja wetu ameshauri tupunguze mafuta. Akasema ni kweli nimeanza kunenepa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu niliyoandika: ugonjwa wa ndugu wa karibu. Si uongo mkubwa.

Saa mbili asubuhi nikaingia uani kwa seremala. Sikuliona gari. Nililiona halafu nikakataa kuliona. Jana seremala alipata kazi ya haraka, vitanda kumi na viwili vya bweni, na mashine yake ya kukatia mbao ilinguruma mchana kutwa. Unga wote wa mbao, maranda yote, kila kilichoruka hewani kilitua kwenye mafuta yangu kikaganda. Gari limeota manyoya! Ya kahawia, mazito, mpaka kwenye vioo. Seremala alisema alitaka kunipigia, ila alidhani ndiyo mbinu yenyewe, maana nilishamwambia mimi ni mtu mzima.

Maji hayakufaa. Maji yalifanya uji. Nikajaribu ufagio. Nikajaribu kupuliza kwa mdomo. Kufika saa nane nilikuwa nimechukua chanuo la mke wangu, lile la meno mapana, nalichana gari kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa kweli lilikuwa linasaidia.

Ndipo nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

Nilisahau kwamba fremu ya picha ya mama, zawadi yetu ya kumuaga, ilitengenezwa kwa seremala huyu huyu. Mke wangu alikuja kuichukua. Alisimama na fremu yake mikononi. Akaangalia gari. Akaangalia chanuo. Mke wangu akigomba mimi nina majibu. Akinyamaza nakwisha.

Nikaeleza yote: mapipa, kamba, petroli, waya, barabara. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hakutaka gari linalong'aa. Alitaka siku moja tu mama yake ashuke kwenye kitu alichokitafuta yeye kwa jasho lake, na watu waone. Machozi yakamtoka. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikataka kumshika bega, mikono yangu ina uji wa mbao.

Akaweka fremu chini. Akampigia mwanyumba, akamwuliza namna ya kutoa lami. Mwanyumba akamwambia mambo yale yale ya fundi rangi, neno kwa neno! Mke wangu akaenda kuazima mafuta kikombe kimoja kwa mke wa seremala, akachana fulana kuukuu, tukalisukuma gari mbali na mashine, akaanza na mlango wa nyuma wa kushoto, mlango atakaoshukia mama. Doa, subiri, futa. Doa, subiri, futa. Hana haraka mwanamke yule. Mimi nilipewa kazi ya kubadilisha maji ya sabuni na nikakatazwa kugusa kitambaa.

Saa kumi na mbili na nusu upande mzima wa kushoto ulikuwa mweupe. Mweupe kweli! Mbele, paa na vioo navyo safi. Giza likaingia upande wa kulia haujaguswa: manyoya, lami, na ile sahani yangu ya mikwaruzo. Mke wangu ameamua. Kesho tunaingia, tunaonyesha upande wa kushoto, nasimama, mama anashuka, basi. Alinifanya nirudie mara nne. Kushoto. Simama. Basi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifuata maelekezo. Naandika hili kwanza kabisa ili lijulikane. Kwa asilimia tisini nilifuata maelekezo.

Tulimchukua mama mkwe kwake kwa upande wa kushoto. Alipendeza, sare nyeupe iliyonyooshwa, saa yake ya kifuani. Akapapasa mlango akamwambia mke wangu gari lina ngozi ya mtoto. Mke wangu alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka jana. Alikaa naye nyuma wakashikana mikono. Barabara mpya ilikuwa nyororo, siwezi kukataa. Mwanyumba alitufuata nyuma, upande wa kushoto wa barabara, sikumpa nafasi ya kupita.

Hospitalini! Wauguzi wamejipanga safu ndefu upande wetu wa kushoto, wanaimba, wanapiga makofi. Mganga mkuu yupo. Shangazi wa makofi tisa yupo. Watu wanalinyooshea gari vidole. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba gari hilo ni jipya. Jipya! Kichwa kikavimba. Miaka minane nimefuata vumbi la mwanyumba, halafu nisimame sekunde mbili, iishe? Nikaona niwape heshima kidogo. Nikapita mbele yao taratibu, mkono dirishani, nikafika mwisho wa safu. Nyuma, mke wangu akaniambia simama. Nikafika kwenye geti la pili. Akaniambia simama, safari hii kwa meno. Lakini makofi yalikuwa matamu. Nikageuza. Nikarudi.

Wimbo ulikatika kuanzia muuguzi wa kwanza mpaka wa mwisho, kadiri tulivyopita. Manyoya yanapepea. Halafu mtu akaguna, mwingine akajizuia, kisha safu nzima ikapasuka kwa kicheko. Mganga mkuu alishika ukuta.

Mama mkwe akainama mbele ya mke wangu, akateremsha kioo cha kulia, akachungulia nje, akautazama mlango. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya wodini: ilianza lini? Nikasema Jumatatu. Akauliza nimeipaka nini. Nikataja: petroli, waya wa masufuria, lita tatu za mafuta, chanuo. Akauliza kama kuna kingine namficha. Nikasema hapana, mama. Akapandisha kioo, akamgeukia mke wangu, naye akamnong'oneza yaliyobaki.

Alipopewa kipaza sauti hakutoa ile hotuba aliyoiandika. Alisema miaka thelathini na minne amepokea watu waliojitibu nyumbani kwanza kwa kila walichokikuta jikoni, wakaja hospitalini wamechelewa, na kila siku alijiuliza watu hao wanaishi wapi. Leo, akasema, ameletwa na mmoja wao. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha akamwita mke wangu mbele, akamshika mkono, akasema upande mzima unaong'aa ameusafisha binti yake huyu kwa siku moja, kwa kitambaa na kikombe cha mafuta, na gari ni lake. Akasema kama angekuwa wodini kwake angempa zamu ngumu zote, kwa sababu ana mikono ya subira. Makofi yale sijawahi kuyasikia. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wakati wa kuondoka mwanyumba alifungua mlango wa gari lake linalong'aa. Mama akamshukuru, akasema anarudi na gari lile lile lililomleta, na ataendesha mwenye gari. Mke wangu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Wakaondoka, madirisha wazi, upande wa kulia ukipeperusha maranda yake kwa wapita njia.

Mimi nimerudi na mwanyumba. Alitandika gazeti kwenye kiti kabla sijakaa.

Jumapili, 15 Juni

Nyumba imetulia. Mke wangu ameenda kwa mama yake kwa miguu, ameondoka na ufunguo wa gari ndani ya mkoba. Kabla ya kutoka alinitengea chai, kwa hiyo tunaongea, ingawa bado hatujaanza. Kasema upande wa kulia usiguswe na mtu mpaka arudi jioni. Mwanyumba atakuja saa kumi na vitambaa vyake, watausafisha pamoja, na palipochubuka fundi rangi atapuliza wiki ijayo.

Nimeifikiria sana ile hotuba ya mama. Ilikuwa nzuri. Nadhani alimsema mwanyumba.

Maana huyu mtu haachi! Saa kumi anakuja, mikono imekunjwa, upole umemjaa, na jioni mke wangu atamwita mwokozi. Nami nitabadilisha maji ya sabuni? Kwenye gari lenye redio yangu? Haiwezekani. Sasa hivi ni saa tatu. Nina saa saba nzima.

Nimepekua chini ya ngazi nikapata kopo la rangi nyeupe, robo tatu limejaa, lilibaki tulipopaka chumba cha wageni. Na roli ipo! Nyeupe ni nyeupe. Kupaka rangi hakuhitaji ufunguo, na lami yote itabaki chini kimya kimya, pamoja na maranda. Mke wangu akirudi atakuta pande mbili zinafanana, atashindwa hata kusema.

Kwenye kopo wameandika kwamba ni ya kuta za ndani ya nyumba tu. Hilo si tatizo. Nitalisukuma mpaka kivulini.